Leseni ya mbwa au marufuku ya mnyororo: mtaa wako uanze na ipi?

Jirani yangu wa nyuma ana mbwa wawili. Wa kwanza amefungwa chini ya mparachichi tangu akiwa mdogo, kwa mnyororo wa kufungia pikipiki, na duara analolizunguka limekanyagika hadi likawa gumu kama sakafu. Wa pili hajawahi kuvaa kamba. Anashinda jalalani, jioni anarudi kula ukoko wa ugali, na mwaka jana alimng'ata mtoto wa nyumba ya tatu kwenye shavu la mguu. Mwenye mji alipoombwa kadi ya chanjo alijibu kwamba mbwa yule si wake, anakuja tu.

Tulipoitwa kwenye mkutano wa mtaa kujadili sheria ndogo ya mbwa, watu waligawanyika pande mbili, na kila upande ulikuwa na mbwa wake wa kuonyesha. Waliotaka kila mbwa alipiwe leseni walimtaja wa jalalani. Waliotaka mnyororo upigwe marufuku walimtaja wa kwenye mparachichi. Tulibishana hadi giza likaingia, na hakuna aliyeuliza kama dawa ya mmoja ingemfaa mwenzake.

Naandika kwa ajili ya yeyote atakayeitwa kutoa maoni kama sisi tulivyoitwa. Tanzania sheria ndogo hutungwa chini ya sheria za serikali za mitaa za 1982, na Kenya bunge la kaunti halipitishi sheria bila ushiriki wa umma, kwa hiyo sauti yako ina mahali pake kisheria. Nina upande wangu, na nitausema wazi. Lakini kwanza tuweke vitu viwili hivi ubavu kwa ubavu.

Kila moja inajibu swali gani

Leseni inajibu swali la kwanza ambalo muuguzi huuliza mtoto anapofikishwa zahanati akivuja damu: mbwa huyo ni wa nani, na amechanjwa? Marufuku ya mnyororo inajibu swali jingine kabisa: mbwa huyu anaishije?

Kwa kwetu swali la kwanza ni la uhai. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu 59,000 kwa mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na katika kila wagonjwa 100, 99 waliupata kwa mbwa. Wanne katika kila kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, ni kifo. Kinachookoa ni kuosha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 mara tu mtu anapong'atwa, kisha kuwahi sindano. Kinachozuia kabisa ni kuchanja mbwa: wakichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa hukosa pa kupita. Pemba ni ushahidi wetu wenyewe. Kampeni za kuchanja mbwa ziliuondoa ugonjwa kisiwani kufikia 2014, ukaingia tena kutoka nje mwaka 2016, mbwa wakachanjwa upya, na kufikia 2018 ukawa umeondoka tena.

Swali la pili wengi huliona dogo. Mimi silioni dogo. Nimeshika shingo ya mbwa ambayo mkanda uliingia nyamani kwa sababu alifungwa nao akiwa mtoto na hakuna aliyekumbuka kuulegeza alipokua. Harufu ya kidonda kile sijaisahau. Na kama nitakavyoeleza, mbwa anayeishi vibaya huishia kuwa hatari kwa mtoto yule yule ambaye leseni inataka kumlinda.

Ada: pesa inaenda wapi?

Hili ndilo swali ambalo lingemaliza nusu ya ubishi wetu kama lingeulizwa mapema. Tuangalie nchi nne zilizopita njia nne tofauti.

Uingereza ilikuwa na leseni ya mbwa kwa vizazi. Mwaka 1878 ada ilipandishwa hadi shilingi 7 na peni 6 za wakati huo, ikaachwa hapo kwa zaidi ya miaka mia. Sarafu ilipobadilishwa, ikawa peni 37 na nusu. Mwishoni gharama ya kuikusanya ilizidi kilichokusanywa, wenye mbwa wengi hawakujishughulisha kuilipa, na mwaka 1987 ikafutwa. Ireland ya Kaskazini peke yake ndiyo iliyobaki nayo. Huko leo ni pauni 12.50 kwa mwaka, na pauni 5 kwa mbwa aliyehasiwa. England imeacha ada ikachukua utambulisho: tangu Aprili 2016 kila mbwa aliyepita wiki 8 lazima awe na chipu chini ya ngozi yenye kumtambulisha mwenyewe.

Ujerumani walifanya kinyume. Mbwa analipiwa kodi kamili ya manispaa. Berlin mbwa wa kwanza ni euro 120 kwa mwaka, kila anayeongezeka ni euro 180. Watu wanalipa kwa sababu mfumo wa kuandikisha wakazi ni mkali. Lakini ni kodi kama kodi nyingine: inaingia kwenye mfuko wa jumla, na halmashauri hailazimiki kuirudisha kwa mbwa hata senti moja. Ukilalamika kwamba hakuna uwanja wa mbwa mtaani kwako, jibu ni kwamba kodi hiyo haikuwa ya uwanja.

Calgary, mji wa Alberta nchini Kanada, ndiyo mfano unaopendwa zaidi na watetezi wa leseni, na nadhani wana haki. Sheria yao ya 2006 ilitaka mbwa wote wawe na leseni, baadaye na paka pia, na aliyehasiwa alilipiwa kidogo kuliko asiyehasiwa. Siri haikuwa ukali wa faini, ingawa faini ilikuwepo. Bill Bruce, aliyeongoza huduma za wanyama za mji huo, aliijenga leseni kama tiketi ya mbwa ya kurudi nyumbani. Mbwa mwenye leseni akipotea na kuokotwa, alipelekwa hadi mlangoni kwake badala ya kutiwa mahabusu ya mbwa. Ada na faini ndizo zilizoendesha huduma yenyewe. Mtu alilipa, akaona alicholipia kimeshuka kwenye gari mbele ya geti lake akitikisa mkia.

Mfano wa nne ndio ulionibadilisha mimi, kwa sababu ni wa mji unaofanana na yetu. N'Djamena, mji mkuu wa Chad, watafiti waliendesha kampeni mbili za kuchanja mbwa katika mitaa ile ile. Ya kwanza ilikuwa bure. Ya pili mwenye mbwa alitozwa kiasi kinacholingana na dola 4.13. Katika ile ya kulipia, ni asilimia 24 tu ya mbwa waliochanjwa. Na linaloshangaza zaidi ni hili: kwa kuwa timu, magari na matangazo viligharimu vilevile lakini mbwa waliokuja walikuwa wachache, kila mbwa aliyechanjwa kwa malipo aligharimu mara tano ya yule wa bure. Ada iliyowekwa ili kupunguza mzigo iliuzidisha.

Fikiria sasa mama anayeuza mboga, mwenye mbwa wawili wa kienyeji wanaomlindia kuku. Mwambie kila mbwa ana ada ya mwaka, na asipolipa faini ni mara tano yake. Hatalipa. Atasema kama jirani yangu: si wangu, anakuja tu. Siku hiyo mbwa wawili wenye mtu wa kuwalisha wamegeuka mbwa koko kwa karatasi, na kwa miji yetu mingi dawa ya mbwa koko imekuwa risasi au nyama yenye sumu. Kuua mbwa hakujawahi kumaliza kichaa. Nafasi ya waliouawa hujazwa na wengine ambao hawajachanjwa, na mara nyingi wanaokufa ni wale waliochanjwa, kwa kuwa hao ndio waliozoea watu na kuja wakiitwa.

Kwa hiyo nikiulizwa kuhusu leseni, jibu langu linategemea neno moja ndani yake: ada. Kama leseni ni kadi ya chanjo yenye jina la mwenye mbwa na kibati cha namba shingoni, bila malipo kwa mbwa wa kwanza na wa pili wa kaya, naiunga mkono kwa mikono miwili. Kama ni chanzo kipya cha mapato ya ndani, naipinga. Anayefuga mbwa wa kisasa kwa kuuza watoto wao alipe, na alipe vizuri, maana hiyo ni biashara. Katika miji mingi ya Marekani hupati leseni bila cheti cha chanjo ya kichaa, na huo ndio mfungamano wa kuiga.

Mnyororo: wengine wameandika nini kwenye sheria zao

Hapa watu hudhani kuna kupiga marufuku na kutopiga, basi. Ukisoma sheria zenyewe unakuta ngazi nyingi kati ya hizo mbili. Tatu za mwisho hapa ni za majimbo ya Marekani.

| Mahali | Inachosema sheria |
|---|---|
| Austria (sheria ya 2004) | Mbwa asifungwe kabisa, hata kwa muda |
| Ujerumani (tangu Januari 2023) | Marufuku, isipokuwa mbwa wa kazi akiwa na msimamizi wake, kwa kamba isiyopungua mita 3 |
| Uswisi | Awe huru angalau saa 5 kwa siku. Muda mwingine awe kwenye waya wa kukimbilia (waya uliokazwa ambao kamba ya mbwa huteleza juu yake), eneo lisilopungua mita za mraba 20 |
| California (tangu 2007) | Asifungwe mahali pamoja zaidi ya saa 3 kati ya 24. Waya wa kukimbilia unaruhusiwa |
| Pennsylvania (2017) | Muda wa saa 9 kati ya 24. Nusu saa tu joto likizidi nyuzi 32 au likishuka chini ya sifuri. Kamba isiyopungua mita 3 au mara tatu ya urefu wa mbwa, pamoja na maji na kivuli |
| Texas (tangu Januari 2022) | Hakuna kikomo cha saa. Minyororo na vyuma vizito marufuku, kamba isiyopungua mita 3 au mara tano ya urefu wa mbwa, pamoja na maji, kivuli na banda |

Sheria ya Pennsylvania ilipewa jina la Libre, mtoto wa mbwa aliyeokolewa mwaka 2016 katika wilaya ya Lancaster akiwa hoi kwa kutelekezwa. Ya Texas ilipita kwa shida. Bunge liliipitisha katikati ya 2021, gavana Greg Abbott akaikataa akisema inaingilia mno mambo madogo ya mwenye mbwa, wapenda mbwa wakapiga kelele jimbo zima, na kabla ya mwaka kwisha akatia saini iliyorekebishwa kidogo. Jambo moja ndani yake nalitaka kwetu. Sheria ya zamani ya Texas ilimtaka askari aliyekuta mbwa amefungwa vibaya atoe onyo, kisha asubiri saa 24 kabla ya kuchukua hatua. Hiyo ikaondolewa. Mbwa asiye na maji juani hana saa 24 za kusubiri.

Sasa imani ninayoisikia kila ninapozungumzia mnyororo, hasa kwa wazee wangu: mbwa asipofungwa mchana hawi mkali usiku. Nimelelewa na imani hiyo. Baba alimfunga mbwa wetu alfajiri na kumfungua saa mbili usiku, na hakuna aliyethubutu kukatiza kiwanja chetu. Sitaki kumkosea heshima mtu yeyote aliyelinda familia yake kwa njia aliyoijua. Lakini tuangalie ukali huo ni wa aina gani.

Mbwa ana njia mbili anapoogopa: kukimbia au kupigana. Mnyororo unamwondolea ya kwanza. Mtoto anayepita karibu akimrushia kijiti, mbwa hawezi kusogea, kwa hiyo anajifunza kwamba kila kiumbe kidogo kinachokuja mbio ni wa kupigana naye. Watafiti walichunguza jambo hili Denver, Colorado, wakawalinganisha mbwa waliong'ata watu na mbwa wa mitaa ile ile ambao hawakuwahi kung'ata. Utafiti ulichapishwa 1994. Miongoni mwa mbwa waliong'ata, uwezekano wa kukuta aliyekuwa akifungwa mnyororo uani ulikuwa karibu mara tatu, na wa kukuta asiyehasiwa vilevile. Utafiti kama huo hauthibitishi peke yake kwamba mnyororo ndio uliomharibu mbwa. Inawezekana wengine walifungwa kwa sababu walikuwa wakali tayari. Hata hivyo unatosha kuangusha dhana kwamba mbwa akifungwa watu wako salama.

Na mlinzi gani huyo asiyeweza kutoka kwenye duara la mita mbili? Mwizi aliyefanya utafiti wake mchana anajua mnyororo unaishia wapi. Anapita upande wa pili. Mbwa anabweka, wenye nyumba wamezoea kubweka kwake mchana kutwa, wanageuka upande wa pili na kulala.

Hata hivyo upande wa marufuku nao wana jambo hawalisemi. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha ulinganisho wa mbwa wale wale wakiwa wamefungwa kwa kamba ndefu na wakiwa bandani. Walikuwa mbwa 30 wa kuvuta sleji, yaani gari la kuteleza kwenye theluji. Tabia zao hazikutofautiana sana kati ya hali hizo mbili. Wenye mbwa wa sleji huutumia utafiti huo kutetea kamba. Mimi nauona unasema jambo zito zaidi: banda dogo halimsaidii mbwa kwa kuwa tu halina mnyororo. Ukipiga marufuku kamba bila kusema kitu kuhusu banda, kesho utawakuta mbwa kwenye vibanda vya mabati vya mita moja kwa moja na nusu, jua la saa saba likiwachoma, na hakuna sheria iliyovunjwa.

Halafu kuna uzio. Ukizunguka mtaani kwetu ukahesabu nyumba zenye mbwa waliofungwa mchana, utaona nyingi hazina ukuta. Mtu amejenga vyumba viwili, matofali yakaisha, uzio umebaki ndoto. Anamfunga mbwa kwa sababu akimwachia ataingia barabarani, ataua kuku wa watu, au atakula sumu iliyotegwa. Huyo hamtesi mbwa kwa ukatili, amekosa ukuta. Austria inaweza kusema "kabisa, hata kwa muda" kwa watu wenye nyua. Ukilibeba neno hilo zima na kulitua kwenye mtaa usio na uzio, umewaambia watu wawaachie mbwa wazurure, na mbwa wa jalalani atapata wenzake ishirini.

Nani atakagua, na atathibitishaje

Sehemu hii ni fupi kwa kuwa jibu lake ni la wazi. Leseni inakaguliwa kwa jicho: kibati kipo shingoni au hakipo. Kamba inategemea sheria ilivyoandikwa. Ukiandika saa, mtu lazima ashinde pale akihesabu, na mgambo wa kata hana siku ya kumkesha mbwa mmoja. Ukiandika urefu, uzito, maji na kivuli, ziara moja na futi ya fundi zinatosha, na picha ya jirani nayo ni ushahidi. Kwa hiyo kwa mazingira yetu napenda mtindo wa Texas kuliko wa California, ingawa kwa mbwa mwenyewe California ni bora.

Jambo la kuangalia kwa leseni: stakabadhi. Kama malipo yoyote yatakuwepo, yawe kwa namba ya malipo ya serikali, kamwe yasiwe mkononi mwa anayekagua. Mtaa tuliokaa zamani tulilipishwa "ya mbwa" mlangoni mara mbili mwaka mmoja, bila karatasi na bila chanjo. Kumbukumbu hiyo peke yake iliwafanya watu watatu kwenye mkutano wetu wapinge leseni ya aina yoyote, na siwalaumu.

Angalia mtaa wako kabla ya kupiga kura

Kama mtaa wenu una kuta na mageti, na wenye mbwa wana uwezo wa kununua chakula cha mbwa dukani, anzeni na marufuku ya mnyororo. Hamna sababu ya kumfunga mbwa. Uzio upo, mbwa anaweza kuachiwa uani saa zote, na kinachomfunga ni mazoea tu. Hapo ungeni mkono marufuku kamili, pamoja na kipimo cha chini cha banda, na ada ya leseni inaweza kuwepo bila kuumiza mtu. Mbwa hao mara nyingi wamechanjwa tayari.

Kama mnaishi kwenye viwanja vya wazi, mbwa ni wa kienyeji, na kuna mtu amewahi kung'atwa na mbwa asiyejulikana wa nani, anzeni na usajili wa bure uliofungamana na chanjo. Hapa sina kusitasita. Kabla ya kila kitu, mbwa wachanjwe. Waiteni wenye mbwa siku moja, chini ya mti mmoja, ofisa mifugo awe na sindano na daftari, na kila mbwa aondoke na kibati. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni Septemba 28 kila mwaka, na ni wakati mzuri wa kuibana halmashauri ilete chanjo, maana viongozi wengine huwa wanapiga picha siku hiyo. Kwenye sheria hiyo hiyo wekeni vifungu vya kamba vya mtindo wa Texas, siyo marufuku, na vianze kutumika miezi sita baadaye ili watu wajipange.

Vijijini kwa wafugaji, ambako mbwa anatembea na mifugo na hafungwi, suala la mnyororo halipo. Ni chanjo tu.

Kuna hali moja inayonisumbua zaidi: mitaa ya wapangaji. Mpangaji ana mbwa, uwanja ni wa mwenye nyumba, na wapangaji wengine sita wana watoto wanaocheza pale pale. Marufuku ya mnyororo hapo ina maana mbwa aondoke, na kuondoka kwa mbwa kwetu huwa ni kutupwa sokoni usiku. Leseni nayo itamwangukia nani, mpangaji au mwenye nyumba? Mkiulizwa, semeni wazi kwamba jina kwenye kadi ni la anayemlisha mbwa, na mwenye nyumba asimkatalie waya wa kukimbilia pale penye nafasi. Penye uwanja wa hatua nane kwa watu ishirini, kwa kweli mbwa hafai kufugwa, na ni bora kusema hivyo kabla hajaletwa.

Vifungu vya kudai viandikwe

Ukipata nafasi ya kusema dakika mbili tu kwenye mkutano, tumia ya kwanza kuuliza pesa inaenda wapi, na usikubali jibu la "kuboresha huduma". Iandikwe: ada na faini zote za mbwa zitanunua chanjo na kulipia kuhasi, na hesabu itasomwa kwenye mkutano wa mtaa kila mwaka. Halmashauri ikikataa sentensi hiyo, umeshajua leseni ile ni ya nini.

Dakika ya pili iwe ya waya wa kukimbilia, kwa sababu wengi hawajauona na wanadhani kati ya mnyororo na ukuta wa tofali hakuna kitu. Niliutengeneza kwangu kabla sijapata pesa ya uzio, baada ya mbwa wetu Simba kukaa kwenye kamba fupi miaka miwili, miaka ambayo najutia. Unahitaji nguzo mbili imara au miti miwili, umbali wa mita kumi au zaidi, na waya mnene wa chuma uliokazwa kati yake juu kidogo ya kichwa cha mtu mzima, ili mtu asijikate akipita usiku. Kabla ya kuukaza unapitisha pete ya chuma, na kwenye pete unafunga kamba nyepesi ya kumwezesha mbwa kulala chini vizuri. Pale kamba inapokutana na mkanda wa shingoni weka kiungo kinachozunguka, la sivyo itajisokota hadi imkabe. Weka kizuizi kwenye waya mita moja na nusu kabla ya kila nguzo ili asijizungushie. Mkanda uwe mpana, wa ngozi au turubai, na vidole viwili viingie kati yake na shingo. Mbwa akiwa bado anakua, vipitishe kila Jumapili. Hakikisha anafikia kivuli cha asubuhi na cha jioni, maana kivuli kinahama. Maji yawe kwenye chombo kizito asichoweza kukipindua. Na pasiwe na ukuta mfupi wala tuta ambalo anaweza kuruka upande wa pili akabaki ananing'inia.

Pembeni ya kiwanja nikaotesha michongoma. Ilichukua zaidi ya misimu mitatu kufungamana hadi mbwa asipite, na siku Simba alipovuliwa kamba alikimbia urefu wote wa kiwanja, akafika kwenye michongoma, akageuka, akakimbia tena, mara sita au saba, kisha akaja kulala miguuni kwangu akihema. Jirani wa nyuma alikuwa amesimama upande wake akiangalia. Wiki iliyofuata alikuja kuniuliza ile waya nilinunua duka gani.